Alama ya Tisini

Kufikia saa nne asubuhi Dada wa Simu alikuwa ameshapiga simu kumi na saba, na sikio lake la kushoto lilikuwa moto kama pasi. Kazi yake katika ofisi ya ajira ya chuo ilikuwa kuwapigia wanafunzi wa kigeni waliohitimu mwaka jana na kuwauliza swali moja: wiki hii umefanya kazi ya malipo, hata ya saa moja? Mtu akijibu ndiyo, anawekewa alama ya vema kwenye kompyuta na kuhesabiwa ameajiriwa, hata kama kazi yenyewe ni kusugua masufuria ya watu. Wahitimu walikuwa mia. Waliokwisha kuwekewa vema walikuwa themanini na tisa, yeye mwenyewe akiwamo, maana naye alikuwa mgeni na alihitimu pamoja nao.

"Nataka tisini," alisema Mkuu wa Kitengo, akichungulia mlangoni. Mama huyu hakuwa na tabia ya kufoka. Kila neno alilisema kwa tabasamu, ukabaki hujui umkasirikie vipi. "Mabango yanachapwa leo mchana. Na mkataba wako uko mezani kwangu, mpenzi, umebaki sahihi tu."

Bila mkataba hakuna kibali cha kuishi, na kibali cha Dada wa Simu kilikuwa kimebakiza siku tisa. Alikuwa amekalia kuti kavu, na mama wa tabasamu alilijua hilo vizuri.

Kwenye orodha lilibaki jina moja ambalo alikuwa akiliruka tangu Jumatatu, akijifanya halioni. Lilikuwa la rafiki yake, mhandisi asiye na cha kuhandisi, waliyempa jina la Daraja kwa sababu hata karatasi ya kufungia mkate haikusalimika; lazima angeichorea daraja. Huyo ndiye aliyeliona tangazo la kazi hii ubaoni akamletea. "Omba wewe," alimwambia. "Una sauti ya kumtuliza mfiwa." Wakakesha usiku kucha wakiandika barua ya maombi, Daraja akifuta na kuandika upya kama vile kazi ni yake.

Kabla hajanyanyua simu, Daraja akaingia mwenyewe, koti limenyooshwa, bahasha mkononi.

"Niambie, dada."

"Salama. Mbona umependeza hivyo?"

"Nimekuja kupewa ushauri wa kutafuta kazi, si mmetangaza hapo ukutani? Nimetuma maombi sitini na mawili. Wengine hawajibu, wengine wananikataa hata kabla hawajasoma." Alicheka peke yake, kisha akaketi. "Ila shida yenyewe ni barua. Uhamiaji wanataka chuo kiseme bado natafuta kazi. Nikiipata, naongezewa miezi sita. Nikiikosa, Ijumaa niko kwenye ndege."

Dada wa Simu akaigeukia kompyuta. Barua hiyo ilitolewa kwa wasio na vema tu.

"Wiki hii umefanya kazi yoyote?" aliuliza, na akaichukia sauti yake, ile ile ya kutuliza wafiwa.

"Kazi gani tena? Jirani alihama juzi, nikamsaidia kubeba makabati, akanipa kitu kidogo. Saa moja na nusu hivi." Daraja akasita. "Kwani na hiyo inahesabika?"

Angeweza kusema haihesabiki. Neno hilo lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini aliziwaza siku tisa, akaiwaza sahihi, akamwaza mama yake anayewatambia majirani kwamba binti yake ana meza ofisini. Akabonyeza. Tisini. Hakuna aliyemshika mkono, na alijua hilo ndilo litakalomsuta.

"Inaonyesha umeajiriwa," alisema.

"Na nani?"

"Barua ni ya wasio na kazi. Na ushauri pia."

Daraja alikitazama kioo cha kompyuta, kisha akamtazama yeye. "Umebonyeza wewe?"

"Ndiyo. Mimi."

"Na mkataba wako?"

"Unasainiwa leo."

"Si haba," alisema Daraja, akiinuka. Hakuwa anamkejeli, afadhali angemkejeli. "Basi barua yetu ya maombi ilikuwa nzuri."

Saa kumi na moja jioni bango lilikuwa limeshabandikwa kwenye korido. TISINI KWA MIA WANA KAZI, na chini yake picha ya Dada wa Simu akicheka. Mkataba uliosainiwa ulikuwa mkobani mwake. Alipita ameinamisha kichwa, akitaka tu kufika nje.

"Dada, samahani! Si wewe huyu?" Alikuwa msichana wa mwaka wa kwanza, mgeni pia, simu iko sikioni. "Baba yangu ni fundi cherehani. Anataka kuuza vyerehani vyake nilipe ada ya mwaka wa pili, lakini amesema niulize kwanza. Hii tisini ni kweli?"

Nyuma yao mlango wa Mkuu wa Kitengo ulikuwa wazi.

"Ni kweli," alisema Dada wa Simu, kwa sauti yake nzuri.

"Baba? Nimemuuliza yeye mwenyewe wa kwenye picha. Ni kweli. Uza." Msichana akasikiliza kidogo, akitabasamu. "Hapana, usibakize hata kimoja. Vyote."