Alama ya Kamba

Straton Dusabimana, muuguzi wa kituo kidogo cha afya juu ya kijiji cha Karuba, hakuwa na mizani. Hakuwa na umeme, hakuwa na msaidizi, hakuwa na mlango unaofunga vizuri. Hayo alikwisha kuyazoea. Mashini ya kupimia tansio, yaani shinikizo la damu, alikuwa nayo, mpaka Guy, msimamizi wake kutoka ofisi ya zoni ya afya, alipokuja kuiazima kwa siku tatu. Sasa ulikuwa mwezi wa tano tangu aichukue.

Jumanne hiyo Mama Mukamurenzi alirudi mara ya tatu. Alikuwa na miaka hamsini na moja, mkulima wa maharagwe, na kichwa kilimuuma kila asubuhi. Mara mbili za kwanza Straton alitazama paji lake la uso, akaona mfereji uliochimbwa na kamba ya kubebea mizigo, akasema kile ambacho kila mtu wa milima ile husema: kamba ndiyo inayokuumiza. Akampa parasetamoli na kumkataza kubeba.

"Muganga, nilikusikia," mama alisema. "Mwezi muzima muke ya kijana yangu njo anabeba. Amenichukia mpaka chumvi ananinyima. Na kichwa iko palepale."

Straton akamgeuza uso kuelekea dirishani. Mfereji ulikuwa umejaa, ngozi imekuwa laini. Alama ya kamba ilikuwa imeondoka, maumivu yamebaki. Alijikasirikia mwenyewe kwanza.

"Macho inaona giza?"

"Inaona nyota, Muganga. Muchana kabisa."

Akampigia Guy simu, akamweleza hali ya mama na kumwomba airudishe mashini.

"Papa Straton! Mama ya mizigo tena? Mupe parasetamoli, alale. Ile mashini wakubwa wanajipima nayo hapa ofisi."

"Wanaumwa nini, hao wakubwa?"

"Wanapenda tu kujua. Na wewe punguza kelele, ao utatafuta kazi ya kuchunga ng'ombe."

Straton akakata simu. Akamwita Trésor, mwenye pikipiki, wakampakia mama katikati yao, wakateremka mpaka kituo cha bondeni. Muuguzi wa huko, Umwali, alipima mara mbili.

"Ishirini na mbili kwa kumi na tatu," akasema taratibu. "Tansio iko juu sana. Mama huyu angeanguka shambani, Papa. Ameze hivi vidonge kila siku, na kila juma umupime."

"Nimupime na nini? Na mukono?"

Umwali akafunga vidonge katika karatasi, akamkabidhi mama.

Walipomrudisha mama nyumbani, Straton akakaa kuandika, si kwa Guy, bali kwa daktari mkuu wa zoni. Akaanza na kosa lake: mara mbili alilaumu kamba bila kupima. Kisha akaandika jina la Guy, mwezi mashini ilipochukuliwa, na ile namba ya tansio aliyoisoma Umwali, akaipigia mistari miwili chini yake. Kalamu ilitoboa karatasi. Hakuandika upya.

Bahasha haikuwa na gundi. Akaifunga kwa ugali wa mihogo, akaibana kwa kidole gumba mpaka ikakauka.

"Mukononi mwa daktari mwenyewe," akamwambia Trésor. "Guy akinyoosha mukono, usimupe, umupite tu."

Trésor akaitia ndani ya koti, akawasha pikipiki, akateremka nayo.