Mbwa Aliyemwogopa Mama

Kompyuta ile ilikuwa kongwe kuliko ndoa za ndugu wote wawili. Iliunganishwa kwenye televisheni, ikasoma programu kutoka kanda ya kaseti kwa makelele ya paka waliofungiwa ndani ya pipa. Fundi redio, kifungua mimba, aliiheshimu kuliko wakwe zake. Mdogo wake, mwalimu wa kompyuta, aliitaka iondoke sebuleni, na leo alikuwa amemleta mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake mpaka getini.

"Mtambo mzima nimeuiga humu," alisema, akipapasa laptopu yake. "Mchezo aliotunga baba umo, na rangi zake, na sauti zake. Hilo jeneza lako la nini?"

"Picha ya moto haichemshi maji," Fundi akajibu.

"Na moto wako, kaka, mpaka uwake watu wamekufa kwa baridi."

Mama akagonga meza. Katika mchezo wa marehemu, mwizi huvuka daraja linalolindwa na mbwa, na ni Mama peke yake aliyewahi kuvuka. "Nitacheza kote kuwili. Nikivuka kwenye laptopu, mtambo uuzwe. Nikishindwa hapo nikavuka kwenye mtambo, ubaki. Nikishindwa kote, uuzwe vilevile, nipumzike na kelele zenu."

Fundi akatabasamu. Jana alikuwa ameufungua mtambo, akaufuta vumbi, akalehemu chipu iliyokuwa ikilegea tangu enzi za baba. Hakutaka aibu.

Laptopu ikawaka upesi. Mwizi akafika darajani, mbwa akaruka, na Mama akaitandika laptopu kofi la ubavuni. Paa! Mwizi akaliwa.

"Mama! Unapiga nini?"

"Mbwa."

"Mbwa ni programu!"

"Baba yako hakuwahi kunifokea."

Fundi alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaweka kanda, paka wakalia pipani, wote wakangoja kwa chuki. Mwizi akatokea. Mbwa akaruka. Paa! Zamani, kofi hilo liliitikisa ile chipu iliyolegea, mbwa akaganda kidogo, mwizi akapita. Leo mbwa hakuganda. Alimla mwizi bila haraka.

Mama akamgeukia Fundi. "Umeifanya nini?"

"Nimeitengeneza tu, Mama."

"Nani alikutuma? Mbwa wa mume wangu aliniogopa. Huyu hanijui."

"Basi kaka," mdogo akasema, meno yote nje, "hata halisi yako ni ya kuiga! Nimwite mwenye mkokoteni?"

"Mwite," akasema Mama.

"Mama, mara moja tu. Nakuomba."

Mama akaegemea kiti. Fundi alichukulia hiyo kuwa ruhusa. Akapiga magoti, akachomeka chuma cha kulehemu, akaanza kuharibu kazi yake kwa umakini ambao wateja wake hawakuwahi kuuona. Mdogo akasogea na laptopu.

"Nionyeshe inavyokwama, niandike hiyo hitilafu kwangu."

Fundi akamfunikia mtambo kwa mgongo. "Iga mgongo."

Kanda ikalia tena. Mwizi, daraja, mbwa. Paa! Mbwa akaganda kama aliyeitwa na mwenye nyumba, na mwizi akavuka.

"Ubaki," akasema Mama. Fundi akanyoosha mkono kufunga kifuniko, Mama akaupiga mkono huo kofi lilelile. "Ubaki hivyohivyo. Wewe na bisibisi yako, nisiwaone hapa tena."