Betri Iliyoanikwa Dirishani

Maneno yalianzia bombani, Tandika: kuna kijana wa Ubungo alijitengenezea saa ya nyaya, ikamlipukia mezani, vidole viwili vikaondoka. Aliyeyaleta ni Rukaiya, jirani wa ukuta mmoja, naye aliyapata kwa mtu aliyeyapata kwa mtu. Wengine walicheka, wakabeba ndoo zao. Mwajabu hakucheka. Binti yake, Raudha, alikuwa na saa ya namna hiyohiyo juu ya meza ya kushonea, ndani ya chumba wanamolala wote wawili.

"Kinacholipuka hasa ni nini?" aliuliza.

"Betri, shoga. Kile kibetri cha duara kama kifungo cha koti. Mwanao hana?"

Alikuwa nacho.

Saa yenyewe ilikuwa bodi ya umeme ndogo kuliko kiberiti, yenye chipu ya kutunza majira. Raudha alishamweleza mama yake: umeme ukikatika, kibetri ndicho kinachoifanya chipu iendelee kuhesabu. Kikitoka, chipu inasahau kila kitu na kurudi tarehe mosi Januari, mwaka elfu mbili. Mwajabu aliitikia ndiyo, ndiyo, bila kushika neno. Yeye aliishia darasa la saba, na betri alizozijua ni za redio ya marehemu mumewe. Zikichoka, alizianika juani, zikaimba tena siku mbili tatu.

Na saa ile haikuwa mchezo. Fundi Ansbert, mwenye karakana Sinza, alitaka mwanafunzi mmoja tu. Alimwambia Raudha: "Niletee saa iliyokaa siku saba bila umeme na haijapotea. Ukiweza, kiti ni chako." Raudha alikuwa mwaka wa pili sasa anakunja vitenge kwenye duka la watu, na kila jioni alirudi kanuna.

Basi asubuhi akachomoa waya wa umeme, akaiacha saa iishi kwa kibetri, akaenda dukani. Mwajabu akasubiri mlango ufungwe. Akakibandua kibetri kwa ncha ya mkasi, akakianika dirishani, mbali na nguo. Moyoni alijiona mama hasa: chumba kimepona, na betri inapata nguvu. Kabla ya magharibi akakirudisha, Raudha asijue; usiku mwenye saa angekuwepo mwenyewe kuiangalia.

Raudha alipochomeka umeme jioni, akapiga kelele. "Mama! Mwaka elfu mbili!"

"Labda imechoka, mwanangu."

Siku ya pili hivyohivyo. Raudha akapima kibetri kwa mita: volti tatu, kizima. Akalehemu upya miguu yote ya chipu. Ikarudi palepale. Akanunua chipu nyingine Kariakoo, akimlaani aliyemuuzia ya kwanza kwamba ni feki. Ya pili nayo ikasahau.

Siku ya nne aliwahi kurudi. Mwajabu ndiyo kwanza alikuwa amekirudisha kibetri. Raudha akakigusa, akashtuka.

"Kina moto! Mama, njoo ushike. Umeme hakuna, moto wa nini sasa?"

Mwajabu akashika. Lilikuwa joto la dirishani tu, analijua. Alitaka kumwambia. Angesema nini? Kwamba siku nne anaivuruga kazi ya mwanawe kwa umbea wa bombani?

"Makubwa haya," ndiyo yaliyotoka.

Raudha alifikiri hadi kichwa kikauma. Anajua zipo bodi zinazosukuma umeme kwenye betri isiyotakiwa kuchajiwa, lakini hapo umeme wenyewe haukuwepo. Likabaki jibu moja: chipu ina kasoro ya ndani. Akaibeba saa hadi Sinza.

"Shikamoo, fundi. Nimegundua chipu hizi zinachemsha betri, ndiyo maana zinasahau."

"Marahaba. Zinachemsha bila umeme?"

"Nimeshika kwa mkono wangu huu."

"Haya, iache hapa."

Saa ilikaa siku saba mezani kwa Ansbert bila umeme. Haikupotea hata sekunde mbili. Siku ya nane alimwita.

"Binti, kulehemu unajua, sikufichi. Lakini saa isiyo na kasoro umeniambia ni mbovu, na joto lako sijaliona. Fundi wa kuona kisichokuwepo ataunguza nyumba ya mtu. Nimemchukua Brightson."

Raudha alirudi akakaa kitandani, viatu miguuni.

"Nilishika, mama. Na wewe ulishika. Kilikuwa na moto, au mie nimerukwa na akili?"

Hapo ndipo Mwajabu alipomweleza.

"Kila siku?" Raudha aliuliza.

"Kila siku."

"Na siku ile nilipokuita ushike, ulikuwa unajua?"

"Nilijua," alisema Mwajabu. Raudha hakupiga kelele. Bora angepiga.

Kesho yake Mwajabu alikwenda Sinza peke yake, akajieleza mbele ya wateja. Ansbert alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini, mama. Lakini Brightson ameshaanza. Nimfukuze kwa kosa lako?"

Mwajabu akaaga, akarudi Tandika. Wiki ileile Raudha alifunga mita na kichomeo chake cha kulehemu ndani ya khanga, akahamia kwa mama yake mdogo Kigamboni.

"Kule nikiacha kitu mezani, nakikuta," alisema, akatoka bila kuomba dua ya safari.

Mama mwenye mtoto wa kazi hizi, epuka haya:

– Usiguse kazi yake akiwa hayupo, hata ukiwa na nia njema.

– Ukiogopa kitu, usikitoe kimyakimya. Mwambie naogopa, akuonyeshe.

– Usianike betri juani. Joto linaiharibu.

– Kibetri cha kifungo usikiache wazi pa mtoto mdogo. Akikimeza, kinaunguza koo.

– Habari za bombani usizifanyie kazi kabla hujauliza anayejua.

– Mtoto akikuuliza jambo unalolijua, usijifanye unashangaa naye.

– Usingoje apoteze nafasi ndipo useme.