Mechi Iliyohamishwa Pruett

Wynona Tackett alikuwa amechana tiketi kwenye geti la sita la uwanja wa Chuo cha Pruett kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kugombana na binti yake kwa sababu ya mpira wa Kimarekani mpaka Alhamisi ile.

Loralee alikuwa amepita nyumbani kula chakula cha mchana. Alikuwa msaidizi wa mkurugenzi wa michezo pale chuoni, mwanamke wa miaka arobaini anayekula akiwa amesimama, simu mkono mmoja, kipande cha mkate wa mahindi mkono wa pili.

"Twende tu, mama. Basi linaondoka saa mbili asubuhi. Nimekuwekea kiti pembeni yangu."

"Kwenda kuangalia nini?"

"Pruett na Cadmus. Si ndiyo mechi unayoingojea mwaka mzima?"

"Ninayoingojea mimi huchezwa hapa," Wynona alisema. "Hii yenu mmeipeleka uwanja huru. Huru kwa nani? Mwaka huu ilikuwa zamu yetu kukaa nyumbani. Cadmus wametufanyia wema gani mpaka tuwagawie nusu ya nyumba?"

"Kule wanaingia watu elfu sabini, mama. Hapa ni elfu ishirini na mbili, na vyoo vinavuja. Vijana wetu wataonekana nchi nzima. Yule wetu wa jezi namba nne anavyokimbia, wakubwa wa timu za kulipwa wakimwona siku moja tu maisha yake yamebadilika. Utamnyima hilo kwa ajili ya geti?"

Wynona akafuta meza iliyokuwa safi tayari.

"Na mji je?"

"Mji utapumzika Jumamosi moja."

"Mji huu ukiuondolea mechi ya Cadmus unabaki kituo cha mafuta na makanisa manne."

Loralee akacheka mpaka makombo yakamtoka. "Mama, ulipotea njia. Ungekuwa mtangazaji." Kisha akachukua funguo zake. "Isitoshe hatukumficha mtu. Tumeandika barua, tumesema redioni. Kila mwenye tiketi ya msimu ameambiwa."

Jumamosi mji ulikwenda. Yalianza mabasi, zikafuata pikapu zenye bendera, halafu magari ya wazee waendao taratibu. Ilipofika saa nne Wynona alitoka barazani akasikia kitu ambacho hajawahi kukisikia Jumamosi ya Oktoba: taa ya barabarani pale njia panda, ikilia tik, tik kila ilipobadilisha rangi.

Alijiambia anakwenda kukagua kufuli. Akavaa koti lake la kazi, akatembea mitaa mitatu mpaka uwanjani, akafungua geti la sita na kukaa kwenye stuli yake. Maegesho yalikuwa matupu. Mahali ambapo kwa kawaida moshi wa nyama ungekuwa umetanda tangu alfajiri, palikuwa na changarawe na baridi tu. Pumzi yake ilitoka kama mvuke.

Saa tano kasoro alimwona mwanamume akikatiza maegesho, blanketi begani, akitembea bila haraka. Wynona akafikiri, masikini, huyu kasahau. Mtu alipokaribia akamtambua: Hollis Burdine, mwenye duka la misumari na rangi.

"Habari za asubuhi, Mzee Burdine."

"Nzuri, Bi Wynona. Leo tunawakalisha chini hawa Cadmus."

Akampa tiketi, naye akaichana. Mikono ilishafanya kazi yake ndipo kichwa kikakumbuka kwamba Hollis Burdine walimzika miaka kumi na sita iliyopita, na kwamba saladi ya viazi iliyoliwa baada ya mazishi aliitengeneza yeye mwenyewe.

Aliangalia kipande kilichobaki mkononi. Kilikuwa cha karatasi nene, aina ambayo chuo kiliacha kuichapa zamani.

Nyuma ya Burdine palikuwa na foleni. Akina mama waliovaa kofia zenye ua pembeni. Mwalimu wake wa darasa la tatu. Vijana wawili wenye sare za jeshi, ambao majina yao yalikuwa yamechongwa kwenye jiwe la kumbukumbu mbele ya mahakama. Walizungumza kwa sauti ya chini, kama watu wanaosubiri popote pale, na hakuna pumzi ya hata mmoja wao iliyotoa mvuke. Mtu wa kumi na moja alikuwa Orval, mumewe, na ile kofia yake iliyoungua ukingo kwenye jiko la mkaa. Alimtazama Wynona mara moja kisha akatazama pembeni, kama alivyofanya siku zote akimkuta mkewe kazini, asije akamchanganya.

Wynona hakukimbia. Baadaye alijishangaa kwa hilo. Foleni ilikuwa mbele yake, na hajawahi kuiacha foleni.

"Mbona kimya hivi?" Burdine aliuliza. "Bendi iko wapi?"

Angeweza kusema bendi inakuja. Angeweza kuwapisha waingie wakae. Ila alikuwa na hasira tangu Alhamisi, na alitaka mtu, yeyote yule, alalamike pamoja naye.

"Mechi imehamishwa, Mzee Burdine."

"Imehamishwa?"

Neno likapita nyuma mdomo kwa mdomo, imehamishwa, imehamishwa, mpaka mwisho wa foleni, na mwisho ule ulikuwa mbali kuliko alivyodhani. Ulivuka maegesho, ukavuka barabara, ukapanda kilima kuelekea makaburini.

"Sisi hatukuambiwa," Burdine alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mzee aliyekuta kufuli mlangoni kwake.

"Wameipeleka jijini. Kwenye Kuba, ule uwanja wenye paa."

"Ni njia ipi hiyo?"

Na Wynona akanyoosha mkono. Mpaka leo anasema katika maisha yake hajafanya kosa kubwa kuliko lile la kunyoosha mkono. Waligeuka wote, bila kusukumana, wakashika barabara kuu ya kusini. Orval alibaki nyuma kidogo.

"Twende wote, Wy?"

"Nipo kazini," alijibu, kwa mazoea tu, na mumewe akaitikia kwa kichwa akawafuata wenzake.

Simu ililia saa saba na nusu, wakati wa mapumziko. Wynona alikuwa bado kwenye stuli, vipande vya tiketi mapajani.

"Mama, tumefungana saba kwa saba." Sauti ya Loralee ilikuwa ya mtu anayejilazimisha kuwa mchangamfu. "Sikiliza, kuna basi jingine lilitoka Pruett?"

"Kwa nini?"

"Upande wetu kulikuwa na viti vitupu kama elfu mbili. Aibu tupu, hata wenye kamera walikuwa wanavikwepa. Sasa vimejaa. Nimewauliza wa getini, hawakumpitisha mtu. Na hawashangilii, mama. Wamekaa tu, mikono magotini. Kuna baridi inatoka upande ule, na humu ndani kuna paa na hita."

"Usiwatazame."

"Nimeshawa..." Kelele za Kuba zilisikika nyuma yake kama maji kwenye bomba. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya mtoto. "Mama. Baba yuko safu ya tatu."

"Anafanya nini?"

"Anaangalia huku na huku. Kama mtu asiyejua aliingilia mlango gani."

Pruett walishinda kwa pointi tatu. Mabasi yalirudi na watu wake wameshona midomo, na kila mmoja alimwambia mwenzake ni uchovu wa safari. Kijana wa jezi namba nne alitajwa kwenye vipindi vyote vya michezo, na Wynona hakumwonea kijicho. Alikuwa amekimbia vizuri.

Jumamosi iliyofuata walicheza nyumbani na timu dhaifu, uwanja umejaa. Watu walipiga kelele kama kawaida, lakini kelele zilitoka na kwenda zake, hazikuwa na pa kugota. Mpigaji wao wa mikwaju, kijana asiye na maneno mengi, alimwambia Loralee kuwa alijihisi anacheza kwenye maegesho ya duka. Walifungwa. Wakafungwa na nyingine mbili. Kila asubuhi Wynona alifungua geti la sita na kukaa mpaka mchana. Hakuna hata mmoja wa foleni ile aliyekuja. Walikwenda walikoelekezwa, na kurudi hakuna aliyewaelekeza.

Jumanne moja ya Desemba akachukua gari lake akaendesha maili tisini mpaka jijini.

Mlinzi wa Kuba alikuwa mwanamume mnene aitwaye Lamont Gaines, na alimwahi kabla hajafika mlangoni.

"Leo hakuna kitu, bi mkubwa. Maonyesho ya boti ni wiki ijayo."

"Nimefuata watu wangu."

Gaines aliliangalia sweta lake lenye jina la Pruett. Uso ukambadilika. "Wale wa upande wa mashariki?"

"Umewaona?"

"Mimi naona viti tu. Ila wasafishaji hawaendi kule tena. Tumefanya mkutano wa kanisa, tumefanya muziki, tumefanya mashindano ya matrekta. Kila kitu kikianza, viti vile vinalia vyote pamoja, kama watu wanaoinuka kuangalia. Halafu kidogo vinalia tena, kama wanakaa baada ya kuona siyo walichongojea." Alisugua shingo. "Hawana ubaya, mama. Ila inatia huruma. Kama una uwezo nao, wachukue."

Akamfungulia. Ndani mwanga ulikuwa wa kijivu, hauna saa wala majira. Zulia la majani ya bandia lilikuwa limekunjwa, sakafu iko wazi. Wynona alisimama chini ya upande wa mashariki akaona viti vitupu, safu kwa safu, na akaendelea kuvitazama mpaka havikuwa vitupu.

Walikuwa wamefifia kidogo. Kofia za akina mama zilikuwa zimepoteza rangi ya maua yake.

"Mechi imekwisha," alisema kwa sauti yake ya getini. "Tulishinda kwa pointi tatu. Geti la sita liko wazi. Nifuateni."

Burdine aliinuka, blanketi begani. "Nieleze kitu kimoja, Bi Wynona. Leo tulikuwa nyumbani au ugenini?"

"Sijui, mzee wangu. Wao wenyewe waliamua kwa kurusha sarafu."

Burdine alirekebisha blanketi begani, akaanza kushuka ngazi.

Siku ya mechi walikwenda maili tisini kwa muda wa chini ya saa tatu, lakini Wynona hakujua kama kurudi ni hivyohivyo. Akaendesha taratibu kabisa pembeni mwa barabara kuu, taa za tahadhari zinawaka, malori yanampigia honi na madereva wanamtolea maneno. Nusu ya njia gari la polisi likamsimamisha. Askari alikuwa kijana, kibandiko cha jina kimeandikwa Renfro.

"Mama, gari lina tatizo?"

"Hapana. Nina watu wanatembea."

"Watu gani?" Akageuka kuangalia alikotoka, ukingo wa barabara, mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa, jua jeupe la Desemba. Akabaki amegeuka hivyo. Mkono uliokuwa umeshika leseni ya Wynona ulishuka polepole.

"Kuna mmoja ana sare ya jeshi," alisema hatimaye.

"Ni wawili."

Renfro akamrudishia leseni. Alisubiri wapite wote, na hilo lilichukua muda, kisha akawasha taa zake za buluu akafuata nyuma, na tangu hapo hakuna lori lililopiga honi mpaka Pruett.

Loralee aliona taa za polisi kutoka dirisha la ofisi akateremka mbio bila koti. Alimkuta mama yake amesimama pembeni ya geti la sita lililo wazi, anaitikia kwa kichwa, anaitikia tena, midomo inatamka majina. Akasimama naye. Hakuona kitu. Alihisi tu baridi ikipita, kwa foleni, mmoja mmoja, ikiingia ndani, na mahali fulani katikati ya foleni kitu kikamgusa nywele.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Nyamaza, nitapoteza hesabu ya majina."

Mwezi wa Januari kamati ya michezo ilikaa. Loralee alisimama akasema kwamba mechi ya Cadmus irudi nyumbani, na akaeleza sababu zote isipokuwa ile yenyewe. Walimpinga watano kwa wawili. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, na hawakuwa wajinga. Kuba ilikuwa imejaa.

Kwa hiyo Oktoba iliyofuata mabasi yaliondoka tena. Loralee alimwambia mkurugenzi ana mafua. Saa nne alikuwa getini na stuli ya pili na chupa ya kahawa, tayari kuwaingiza wote wakae nyumbani, na mama yake akamwambia avue miwani ya jua, maana si adabu kumpokea mtu hivyo.