Mchungaji Hukaa Nyuma

Watu wakiniuliza nilianzaje kufundisha watu kuteleza thelujini kwa ski huku milimani, juu ya mji wa Karakol, huwa nawadanganya. Nasema nilizaliwa na theluji miguuni. Wapi! Nilikuja na Shumkar, rafiki yangu wa tangu utotoni, wachunga kondoo sote wawili, na ski za kuazima ambazo hata urefu hazikulingana.

Lo, baridi ya mwaka ule! Natamani irudi hata kwa wiki moja. Tulilala chumba kimoja nyuma ya karakana ya lifti ya kupandishia watu mlimani, tukigombania upande wenye jiko. Jumapili tulishuka mjini kula ashlyanfu, tambi baridi zenye siki na pilipili. Shumkar alimaliza bakuli lake kisha akaanza kulitolea macho langu.

"Mirlan, unakula kama bibi harusi. Lete nikusaidie."

"Nisaidie kufua soksi zako kwanza, zinatuua."

Tulikuwa kwenye majaribio ya kazi mpaka mwisho wa Februari. Tukapeana mikono: akikataliwa mmoja, tunarudi nyumbani wote. Wazo lilikuwa langu, tena nikaongezea na methali juu yake, eti ahadi ni deni.

Shumkar aliteleza vizuri kunishinda. Kosa lake lilikuwa moja, alikaa nyuma. Mchungaji wa kwetu hukaa juu ya farasi nyuma ya kundi, amwone anayechechemea na anayezubaa. Basi na wageni waliokuja kujifunza akawafanyia hivyohivyo. Anawatanguliza mteremkoni, yeye anafuata akipiga mluzi. Mama mmoja kutoka Almaty alikuja juu: "Kwani mimi kondoo?"

Dada Gulsun, mkuu wa walimu, akamwita Shumkar. "Mdogo wangu, mwalimu hutangulia. Wanafunzi wanafuata njia yake. Siku ya mtihani nikikuona nyuma, huna kazi."

"Nikitangulia, dada, nani atamwona wa mwisho?"

"Jifunze kugeuka."

Kila jioni nikamfanyisha mazoezi. "Tangulia, we mkaidi!" Anatangulia kidogo, shingo imegeukia kwangu, halafu huyo, kavamia msonobari. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akicheka, theluji imemjaa kwenye ndevu.

Siku ya mtihani tulipewa wageni sita kila mmoja. Mimi nilitangulia, nikawafikisha, nikafaulu. Shumkar naye alianza mbele, nikashukuru Mungu. Katikati ya mteremko ukungu ukaanza kushuka. Nikamwona anasimama. Anawapitisha mmojammoja akiwahesabu kwa kidole, anashika nafasi ya nyuma.

"Usifanye hivyo, Shumkar," nilisema peke yangu kama mwendawazimu.

Walifika wote sita. Wa mwisho alikuwa mzee anayetetemeka, ameng'ang'ania fimbo ya Shumkar.

"Huyu mzee ungemwacha, tungemtafuta mpaka kesho," Dada Gulsun akamwambia. "Lakini wale wa mbele walikuwa wanamfuata nani kwenye ukungu? Je, wangeangukia bondeni?"

Shumkar alivua kofia. "Ni kweli, dada."

Dada akamnyima kazi, na hakukosea. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Asubuhi iliyofuata gari la kijijini lilikuja. Nikambebea begi.

"Baki, bwana," alisema. "Angalau mmoja wetu aule. Utatuletea wanawake wa Kirusi kule kijijini, sisi tuwafundishe kukamua farasi wetu maziwa."

Tukacheka. Akapandisha begi juu ya gari, akalishusha, akalifunga upya. Akamuuliza dereva kama matairi ni mazima. Akafunga kamba za viatu, zilizokuwa zimefungwa tayari. Dereva akapiga honi.

Nilijua anasubiri nini; tulikuwa tumepeana mikono. Nilikuwa nimevaa koti jekundu la walimu, nililokabidhiwa asubuhi ileile, na nilikuwa nalipenda. Miaka kumi na sita sasa nimejitungia maneno mengi ambayo ningeweza kumwambia pale.

"Safari njema, ndugu yangu," nikamwambia, nikageuka kurudi ndani kabla hajapanda.