Kiraka cha Kitenge Kifuani

Jezi mpya nilizoinunulia timu ya shule ya mpira wa pete zilikuwa zimetandazwa mezani kwa mwalimu mkuu, kila moja na maandishi mekundu kifuani: MBEGE YA MAMA HILARIA. Hilaria ndimi, nami nilizitazama kwa raha. Mwenye meza, Mwalimu Praygod, alizitazama kama mtu aliyekuta nyoka kabatini.

"Mama Kindness, wanafunzi hawaruhusiwi kutangaza pombe. Ni sheria."

"Pombe gani, Mwalimu? Hii si mbege? Ulipombatiza mwanao tulikunywa nini?"

Alicheka, lakini hakulegeza msimamo. Nami nilivyojiona mjanja! Kabla ya kuzichapisha nilishuka Moshi mjini kuwauliza watu wa kodi. Dada mmoja akanieleza vizuri: jina likiwepo ni tangazo, linahesabiwa gharama ya biashara; lisipokuwepo ni zawadi yangu tu. Kuuliza kama mbege ni pombe hakukunijia kabisa. Huku Uru kinywaji hiki cha ndizi na ulezi tunakinywa kwenye ubatizo, kwenye posa, na tunapopatana baada ya ugomvi.

Tena kodi ilikuwa kisingizio. Shuleni walimwita mwanangu Kindness, naye mchezaji wa timu hiyo, "binti wa kilabu", hadi akaacha kupita mbele ya kilabu chetu cha mbege na wenzake. Alizungukia migombani peke yake. Iliniuma sana. Nilitaka avae jina langu mbele za watu, aone kwamba halina aibu.

Mechi ilikuwa kesho yake, na bila jezi wasingecheza. Basi nikakata kitenge changu cha kupikia mbege, nikashona viraka juu ya jina langu mwenyewe huku nikinung'unika. Kindness alikaa kando yangu akinitungia uzi.

Walishinda. Magoli siyakumbuki. Namkumbuka mwalimu wa timu pinzani akigusa kiraka cha Kindness.

"Mmependeza kweli. Nani kawafadhili?"

Niliangalia chini. Nilijua Kindness atasema ni mzazi mmoja tu.

"Mama yangu," Kindness akajibu, uwanja mzima ukasikia. "Yule pale. Anapika mbege, Uru. Ukija uje mapema, huwa inaisha."

Mwalimu Praygod alikohoa, akageuka kutazama mawingu mlimani.

Mwaka ulipoisha, yule dada wa kodi aliniuliza kama nilikuwa na gharama zozote za matangazo.

"Sina, dada," nikamwambia. "Nilitangaziwa bure."