Sufuria ya Mpishi wa Ghorofa ya Nne

Haya yalitukia mwaka 2019, wakati wa kiangazi, katika miezi ile ambayo maji ya bomba katika jengo letu hayakupanda tena kupita ghorofa ya kwanza. Mimi nakaa ghorofa ya pili. Nilikuwa nikiishi na mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa mwaka wa tatu chuoni, akisomea uhandisi wa mitambo. Ghorofa ya nne alikaa Mpishi, mwanamke mwenye goti bovu na kicheko kikubwa, ambaye hukodiwa kupika kwenye harusi na shughuli nyingine. Kila ndoo ya maji aliyopikia aliipandisha mwenyewe, akipumzika kila kona na kuzitukana ngazi kana kwamba ni mawifi zake.

Chuo kilikuwa kimeanzisha somo la ujasiriamali kwa wanafunzi wa uhandisi. Nilipolisikia mara ya kwanza nililipenda, kwa sababu mhandisi anayejua kutengeneza kitu lakini hajui kumfikishia anayekihitaji amejifunza nusu ya kazi yake. Mjukuu wangu na wenzake watatu walikusudia kuunda pampu ya mkono ya kupandishia maji majengo ya ghorofa, na jengo la kwanza kufaidika lingekuwa letu. Mhadhiri wao alikuwa na kanuni moja aliyoisisitiza: ahadi ya mdomo haihesabiwi. Mteja wa kweli, aliwafundisha, ni yule anayetoa kitu ambacho kitamuuma akikikosa, na kila kitu kilichotolewa kilikuwa na alama zake. Kwa kuwa mwili wa pampu ungesubiwa kwa alumini iliyoyeyushwa, wanafunzi waliamua kuomba sufuria.

Milango ya jengo letu haifunguliwi kwa kijana anayeomba sufuria. Ilifunguliwa kwa ajili yangu. Nilipanda ngazi pamoja na mjukuu wangu, nikabisha, nikaeleza, nikasema kwa kinywa changu kwamba pampu itafungwa uani kabla mvua hazijaanza. Wengi walitoa vyombo vilivyotoboka. Mpishi alitoa sufuria yake kubwa, nzima, ambayo mtoto wa miaka mitano angeweza kuketi ndani yake akaoga. Nilimsihi atoe ndogo. Akanijibu kwamba goti lake halina mwaka mwingine wa kupanda ngazi zile, na kwamba anayetaka maji yamfikie wa kwanza hatoi kifuniko.

"Wewe si ndiye Mkurugenzi?" akamwambia mjukuu wangu, kwa maana kadi walizochapisha zilimtaja kuwa Mkurugenzi Mtendaji. "Basi nikikosa maji nitakuja kupikia ofisini kwako."

Tulicheka sote watatu.

Siku ya maonyesho nilivaa vizuri nikaketi mstari wa mbele. Pampu ilikuwa jukwaani, imepakwa rangi ya buluu, ndoo moja sakafuni na nyingine juu ya meza. Mjukuu wangu akazungusha mkono wa pampu, maji yakapanda mezani, ukumbi ukapiga makofi. Majaji waliwapa kikombe. Mhadhiri alisimama akasema kwamba wateja wamepatikana, wateja wametoa, kwa hiyo biashara ipo. Niliona fahari na sikuificha.

Wiki zikapita. Uani hakuja mtu hata na spana. Nilipouliza niliambiwa kwamba mabomba yanasubiriwa, kisha nikaambiwa kwamba ni wakati wa mitihani, kisha mjukuu wangu akaanza kupanda ngazi kwa kunyata. Watu hawakumwacha anyate.

"Mkurugenzi, maji yamefika?" fundi viatu wa ghorofa ya kwanza alimwuliza kila alipompitia.

"Yako njiani," mkewe alidakia kutoka ndani. "Yamepumzika kidogo hapo kwenye kona."

Mimi nilipewa jina la Mama Pampu, nikaitwa hivyo usoni, kwa heshima zote.

Mpishi peke yake hakutania. Alikuwa amepata kazi ya harusi kubwa akaikataa, kwa kuwa sufuria zilizobaki hazikutosha, na za kukodi zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa. Alinieleza hayo ngazini, ndoo mkononi, bila kulalamika, jambo lililoniudhi kuliko malalamiko yoyote.

Nilimketisha mjukuu wangu mezani nikamwamuru aseme kweli. Akasema. Pampu ile haikuweza kufikisha maji ghorofa ya nne, wala ya pili. Kwa nguvu ya mkono iliweza kuyapandisha kimo cha meza, pengine kimo cha mtu, basi. Alikuwa amepiga hesabu kabla ya maonyesho akampelekea mhadhiri, na mhadhiri akamwelekeza asiitaje hesabu hiyo jukwaani, kwa kuwa majaji hawapimi urefu wa bomba. Wanapima wingi wa wateja. Baada ya maonyesho somo lilikuwa limekwisha. Kikundi kilifundishwa namna ya kulifunga wazo na kujiandaa kwa wazo jingine muhula utakaofuata.

"Na sufuria?" nikauliza.

"Pampu iko idarani, Bibi, kwenye kabati la vioo. Ni kielelezo cha somo."

"Nimekuuliza sufuria."

Akainama. Nilikasirika hata nikaanza sentensi tatu bila kuimaliza hata moja, na mimi si mtu wa kuacha sentensi njiani. Kulipokucha nikamwambia avae, tunakwenda chuoni.

Ofisi ya mhadhiri ilikuwa na kiyoyozi kilichodondosha maji kwenye kopo la rangi, na ukutani palikuwa na bango lenye neno moja, THUBUTU. Mwenyewe alikuwa mtu wa adabu. Alinivutia kiti, akaniita mama, akanieleza kwa utaratibu kwamba lengo la somo si pampu bali ni kumjenga mwanafunzi. Kwamba biashara changa nyingi hufa. Na kwamba kijana anayeonja kifo hicho mapema, bila hasara, amepata elimu ambayo baba zake hawakuipata.

"Bila hasara ya nani?" nikamwuliza.

"Ya mtu yeyote, mama. Hapa hakuna aliyepoteza chochote."

"Mpishi wa ghorofa ya nne amepoteza sufuria, na kwa kukosa sufuria amepoteza harusi. Wewe ndiye uliyewafundisha wachukue kitu kitakachomuuma mtu. Kimemuuma. Alama za maumivu yake umempa nani?"

Alitabasamu kidogo, akasema kwamba mteja wa mwanzo siku zote hubeba sehemu ya hatari. Nikamjibu kwamba anayebebeshwa hatari huambiwa kwanza kuwa ni hatari. Mjukuu wangu alikuwa na hesabu, na yeye mhadhiri ndiye aliyemwamuru aifiche.

"Jambo hilo usiliite ujasiriamali," nikamwambia. "Lina jina lake la zamani, na watu hulijifunza bila kulipa karo."

Tabasamu likamtoka. Akasema kwamba pampu ni kazi iliyokwisha kuwasilishwa. Kwamba mpaka matokeo yapitishwe na baraza la chuo, mwanafunzi atakayeiondoa kabatini atahesabiwa kuwa hakuwasilisha kitu, na atalirudia somo zima mwaka ujao pamoja na wadogo zake. Aliyasema hayo akimtazama mjukuu wangu, si mimi.

Nilikuwa na maneno mengine, tena mengi. Lakini mjukuu wangu alisimama, nami nikadhani ataniomba tuondoke.

"Mwalimu, naomba ufunguo wa kabati."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Wenzangu wasiguswe. Andika kwamba aliyeitoa ni mimi."

Mhadhiri alinigeukia, akitarajia nimzuie mtoto. Nikatazama kopo la rangi likijaa.

Ufunguo ulitolewa, na mjukuu wangu akaibeba pampu begani mpaka nyumbani. Njia nzima nilimtangulia bila kumgeukia, kwani hasira yangu juu yake ilikuwa haijaisha, na nilitaka alijue hilo.

Nyuma ya soko lipo banda la mafundi wanaosubu sufuria. Pampu iliyeyushwa, lakini alumini yake peke yake haikutosha kwa sufuria ya ukubwa ule, na vyombo vya majirani wengine navyo vilidaiwa. Basi likizo yote alifanya kazi bandani: alichekecha mchanga wa kalibu, yaani umbo la kumiminia alumini, alivunjavunja injini kuukuu, alivukuta moto, na ujira wake aliomba apewe kwa vyombo. Alirudi nyumbani nyusi zimeungua na viganja vina malengelenge. Nilimpaka mafuta. Pole sikumpa.

Alivirudisha vyombo mlango kwa mlango, safari hii akiwa peke yake.

"Mkurugenzi, maji yamefika?" akauliza fundi viatu kwa mazoea.

"Maji bado, baba. Sufuria yako hii hapa."

Fundi viatu aliigeuza sufuria, akakikagua kitako chake, akampitishia mkewe ndani.

Ya Mpishi ilikuwa ya mwisho. Mafundi walimwachia atengeneze kalibu yake kwa mikono yake mwenyewe. Aliipandisha kichwani mpaka ghorofa ya nne, nami nikimfuata nyuma taratibu, nikaketi kwenye ngazi ya juu kupumua. Mpishi aliigonga kwa kidole cha pete, akaisikiliza, akaigonga tena.

"Sufuria nimeiona," akasema. "Harusi yangu je?"

"Ile siwezi kuirudisha, mama. Lakini kuanzia leo, kazi yoyote utakayoipata, maji ya kupikia ni juu yangu, mpaka nifunge pampu inayofika hapa."

"Na usipoifunga?"

"Basi nitapanda ngazi."

Mpishi hakucheka. Alivuta kigoda, akaketi mlangoni, akanyoosha lile goti, akaonyesha ndoo kwa kidevu. Mjukuu wangu akaichukua, akashuka bombani, akapanda, akamimina, akashuka tena. Sufuria ilikuwa kubwa, nasi tulikaa pale tukimsikia akizipanda ngazi, mpaka ikajaa.